Mwongozo kamili: Jinsi ya kusoma michoro ya zamani ya majengo ujue msanifu alifikiaje uamuzi wake

Kazi nyingi za wanafunzi na mafundi wa Kigoma na Tabora kuhusu majengo ya zamani zinakwama mahali palepale. Mtu amehangaika kupata kibali, amefungua jalada, amepiga picha nyingi, amerudi nyumbani. Ripoti yake inaeleza vyumba viko vingapi, baraza iko upande gani, paa ni la vigae au la bati. Hakuna mstari hata mmoja unaosema kwa nini baraza iko upande huo, wala kama iliwahi kuchorwa mahali pengine kabla ya karatasi ya mwisho kutiwa saini.

Chanzo ni kwamba msomaji anachagua mchoro uliokamilika na kupendeza kuliko yote, kisha anauchambua huo peke yake. Mchoro wa mwisho unaonyesha uamuzi ukiwa umeshafanyika. Fikra za msanifu zimo katika tofauti za karatasi moja na nyingine: ukuta uliosogezwa, dirisha lililofutwa, ngazi iliyogeuzwa upande. Hatua zifuatazo ni za kuzitafuta tofauti hizo na kuzipa sababu zenye ushahidi.

## Vifaa vya kuandaa

- Penseli laini na kifutio. Kalamu ya wino iache nyumbani.
- Rula ya skeli (uwiano wa kipimo cha mchoro na cha jengo halisi) yenye 1:50, 1:100 na 1:200, pamoja na rula ya inchi.
- Simu au kamera isiyowashwa mwanga wa flashi.
- Daftari lenye mistari, ukurasa mpana.
- Tresing, yaani karatasi angavu ya kufuatishia mchoro, angalau nusu roli.
- Kalamu za rangi tatu: nyeusi, nyekundu, buluu. Hizi ni za nyumbani, haziingii chumba cha kusomea.
- Tepu ya mita 30, tepu fupi ya mita 5, timazi na dira.
- Barua ya utambulisho kutoka chuo, halmashauri au mwajiri wako.
- Fedha za kuchapisha nakala za karatasi kubwa. Usizibanie, bila nakala za karatasi, hatua ya 7 haifanyiki.

## Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuomba jalada

Chagua jengo moja na swali moja. “Nataka kujua kuhusu stesheni ya Kigoma” si swali. “Kwa nini abiria na mizigo wametenganishwa hivi?” ni swali. “Kwa nini nyumba hii ya mtumishi pale Tabora ina jiko lililojitenga na nyumba kubwa?” ni swali pia.

Swali linakuambia karatasi gani usizipoteze muda nazo. Jalada la jengo moja la serikali linaweza kubeba barua za kuomba rangi, malalamiko ya paa kuvuja, na katikati yake mchoro mmoja unaoutaka.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumweleza mtunza kumbukumbu haja yako kwa sentensi moja, naye akakuelewa.

## Hatua ya 2: Tafuta ofisi iliyojenga, si jina la jengo

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema mno. Wanaandika “Kigoma” kwenye orodha, hawaoni kitu, wanahitimisha kwamba michoro imepotea. Nyaraka hazipangwi kwa majina ya majengo. Zinapangwa kwa ofisi iliyozitoa. Basi jiulize: nani aliagiza jengo hili, nani alilichora, nani alilijenga, nani alilirithi?

Chukua reli. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mwenye reli alikuwa kampuni iliyoitwa Ostafrikanische Eisenbahngesellschaft, na mjenzi alikuwa Philipp Holzmann. Kwa hiyo karatasi za mwanzo ni za Kijerumani, na sehemu ya kuanzia huko ng’ambo ni hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, kwenye kundi R 1001 la wizara ya makoloni.

Waingereza walipochukua nchi, reli ikawa yao. Kuanzia 1948 ikaunganishwa na ya Kenya na Uganda chini ya shirika moja lenye makao makuu Nairobi, na hali ikabaki hivyo mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Maana yake ni kwamba mchoro wa marekebisho wa miaka ya 1950 wa jengo la reli la Kigoma unaweza kuwa umechorwa Nairobi. Ukitafuta Dar es Salaam peke yake, unaweza kuukosa.

Kigoma ina jambo la ziada ambalo Dodoma au Iringa hazina. Wabelgiji waliushika mji 1916, wakautawala mpaka 1921, na baada ya kuondoka wakabakiwa na eneo lao bandarini, lile lililojulikana kama Belbase. Ukichunguza majengo ya bandari, tafuta pia karatasi za Kifaransa na ulizia hifadhi za Brussels.

Kwa majengo ya serikali ya kipindi cha Uingereza, anza na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Tafuta kwa jina la idara ya ujenzi ya wakati huo na kwa jina la Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora. Kwa kawaida nyaraka za umma hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30. Kwa makanisa, shule na zahanati za misheni, uliza kwanza parokiani na jimboni. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita White Fathers, wana hifadhi yao kuu Roma.

Usiache ofisi za karibu. Wakala wa Majengo, Shirika la Reli, halmashauri, hata shule yenyewe: mara nyingi kuna kabati lenye roli ambazo hakuna aliyezifungua kwa miaka. Omba kwa adabu, na omba kwa maandishi.

Angalizo: nyumba nyingi za watumishi zilijengwa kwa mchoro mmoja wa mfano uliorudiwa mji hadi mji. Mchoro wa nyumba yako ya Tabora unaweza kuwa ndani ya jalada la Mwanza. Ukiona namba ya aina ya nyumba kwenye karatasi yoyote, inukuu. Hiyo ndiyo itakayokufikisha kwenye mchoro mama.

## Hatua ya 3: Chumba cha kusomea

Nawa mikono, ukaushe. Roli iliyokaa miaka mingi usiilazimishe kunyooka. Ifungue kidogo kidogo, weka vizito vilivyofunikwa kitambaa kwenye pembe, na ikianza kutoa mlio wa kupasuka, simama umwite mtumishi wa hifadhi.

Karatasi ya buluu yenye mistari myeupe, bluprinti, huchujuka kwenye mwanga mkali, kwa hiyo usiiache wazi dirishani ukaenda kunywa chai. Na usiweke tresing juu ya mchoro halisi ukafuatisha kwa penseli hata siku moja. Ncha ya penseli huacha mfereji kwenye karatasi ya chini, na mfereji huo hauondoki.

Mvua zikianza kule kwetu, karatasi hunywa unyevu na kutanuka. Ukipata nafasi ya kuchagua, kazi ya makabati ya Kigoma ifanye kiangazi.

## Hatua ya 4: Orodhesha kila karatasi kabla ya kuipenda

Chora jedwali lenye safu hizi: namba ya mchoro, tarehe, kichwa, skeli, aina ya karatasi, herufi za majina ya waliosaini, herufi ya marekebisho, na alama za mkono. Jaza kwa kila karatasi, hata iliyochanika.

Piga picha tatu kwa kila karatasi: nzima, kisanduku cha maelezo kilicho pembeni, na sehemu yoyote yenye maandishi ya penseli au kiraka. Weka rula pembeni kwenye picha nzima. Piga na mgongo wa karatasi pia, kwa sababu hesabu za haraka na michoro midogo ya mkono mara nyingi huwa huko.

Kwa karatasi za Kijerumani, maneno machache yatakuvusha: Lageplan ni mchoro wa kiwanja, Grundriss ni plani (jengo likitazamwa kutoka juu), Schnitt ni mkato (jengo kama limepasuliwa wima uone ndani), Ansicht ni sura ya nje, Entwurf ni usanifu unaopendekezwa. Kumbuka pia kwamba alama ya desimali kwao ni koma: 3,50 ni mita tatu na nusu.

## Hatua ya 5: Tambua kila mchoro ulikuwa na kazi gani

Mchoro haukuchorwa ili wewe usome. Ulichorwa kumshawishi mtu, kupata bei, au kumwelekeza fundi, na kila kazi inaficha kitu chake.

Rasimu ya mkono, yenye penseli na mistari iliyorudiwarudiwa, ni ya msanifu kuzungumza na nafsi yake. Hiyo ni dhahabu. Mchoro uliopakwa rangi, wenye miti na kivuli, ni wa kumwonyesha mwenye fedha. Usiuamini kwa vipimo. Mchoro wa kazi una vipimo vingi, maelezo ya saruji, kenchi na mbao, na mara nyingi una madoa ya mikono ya watu wa saiti. Mchoro wa marekebisho unaonyesha jengo lililokuwepo pamoja na linalokusudiwa.

Rangi zina maana. Kwa desturi ya Kijerumani ya michoro ya marekebisho, ukuta mweusi upo, mwekundu ni mpya, wa njano unabomolewa. Kwa michoro ya Waingereza mara nyingi rangi hutaja malighafi, kwa mfano nyekundu kwa matofali. Tafuta kwanza ufunguo wa rangi kwenye karatasi yenyewe kabla ya kutoa maana.

Na usidharau mkato. Watu hukimbilia plani kwa sababu inafanana na “ramani ya nyumba” waliyoizoea, lakini maswali ya joto, mvua na mwanga hujibiwa kwenye mkato. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, ni funzo zuri. Kwenye plani nguzo zake ni nukta zilizopangwa. Kwenye mkato ndipo unaona kila nguzo inapanuka juu kama faneli, paa linakusanya maji ya mvua na kuyashusha ndani ya nguzo. Bila mkato, wazo lenyewe la jengo hulioni.

## Hatua ya 6: Panga kwa wakati

Chukua nakala zako, uzipange sakafuni kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Anza na tarehe na herufi za marekebisho: A hutangulia B. Kisha tazama ushahidi wa karatasi yenyewe: kilichofutwa hapa lakini kipo kule, kiraka kilichogundishwa, tundu la ncha ya bikari lisilo na duara.

Angalizo kubwa: tarehe iliyo kwenye karatasi inaweza kuwa ya siku ya kunakili, si ya kusanifu. Karatasi mbili zikipingana, amini mabadiliko ya jengo kuliko tarehe. Ukuta uliofutwa kwenye karatasi moja hauwezi kuwa haujachorwa bado.

Kama hujapata jalada lako bado, fanya mazoezi kwa jengo ambalo karatasi zake zimewekwa mtandaoni na mpangilio wake unajulikana. Mimi napendekeza jumba la opera la Sydney, la msanifu Jørn Utzon. Alishinda shindano 1957 kwa michoro ya mapaa yenye mikunjo huru, isiyo na kanuni ya jiometri. Mwaka 1958 likatoka kabrasha linaloitwa Red Book, na 1962 likatoka Yellow Book. Katikati, mwaka 1961, ndipo lilipopatikana suluhisho: mapaa yote yakatwe kutoka tufe moja lenye nusu kipenyo cha karibu mita 75, ili vipande viweze kutengenezwa kwa kurudia. Na ujenzi wa jukwaa la chini ulikuwa umeanza 1959, kabla paa halijapata jibu, hivyo baadhi ya nguzo zilizokwisha kujengwa ikabidi zifanywe upya zibebe uzito mwingine. Anayeona kabrasha la 1962 peke yake atadhani tufe lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Anayelaza yote mawili kando kwa kando anaona miaka minne ya kuhangaika.

Ukiweza kusema “karatasi hii ilitangulia ile, na ushahidi wangu ni huu”, endelea.

## Hatua ya 7: Laza karatasi moja juu ya nyingine

Hii ndiyo hatua yenyewe. Zilizotangulia zote zilikuwa maandalizi. Ipe siku nzima.

Chapisha nakala mbili zinazofuatana kwa wakati, kwa skeli moja. Weka ya kwanza mezani, juu yake tresing. Fuatisha kwa kalamu nyeusi kuta, milango, madirisha na ngazi. Kisha ondoa nakala ya kwanza, ingiza ya pili chini ya tresing ileile.

Usilinganishe kwa pembe za karatasi. Karatasi husinyaa na kutanuka, na mashine ya kunakili huvuta pia. Tafuta kitu ambacho hakikuweza kuhama kati ya michoro hiyo miwili: njia ya reli, ukingo wa gati, jiwe la mpaka, ukuta wa jengo jirani.

Sasa paka rangi. Kilichobaki palepale kiache cheusi. Kilichoondolewa kipitie kwa buluu. Kilichoongezwa, kwa nyekundu. Fanya hivyo kwa kila jozi, plani kwa plani, mkato kwa mkato.

Tazama rangi zinapokusanyika. Eneo lenye nyekundu na buluu nyingi ndipo msanifu alipopigana na tatizo. Eneo lililobaki jeusi tangu rasimu ya kwanza ndilo wazo aliloshikilia hata fedha zilipopungua. Vyote viwili viandike, kwa sababu hilo la pili husahaulika daima, na mara nyingi ndilo linalobeba moyo wa usanifu.

Umefaulu ukiwa na tresing ambayo mtu asiyejua kusoma michoro anaweza kuinyooshea kidole na kuuliza, “Hapa palitokea nini?”

## Hatua ya 8: Tafuta sababu, na utenganishe ushahidi na dhana

Kila badiliko lipe namba. Kwa kila namba, pita sababu hizi: fedha, matakwa ya mwenye jengo, kiwanja, malighafi iliyopatikana, hali ya hewa, kanuni. Rudi kwenye barua za jalada zenye tarehe kati ya michoro miwili. Barua ya kuomba gharama ipunguzwe, iliyoandikwa kabla ya ghorofa kuondolewa, ni ushahidi. Hisia zako kwamba “walikosa hela” ni dhana. Andika U kwa ushahidi na D kwa dhana pembeni ya kila sababu, wala usiione aibu kuwa na D nyingi.

Hali ya hewa inaweza kupimwa, na hapa wenyeji wa Kigoma tuna nafasi nzuri kuliko mtafiti wa mbali. Tufanye mfano wa kubuni: rasimu ya kwanza ina baraza ya mita 2 upande wa ziwa, ya pili ina mita 3. Kwa nini?

Ziwa liko magharibi. Upande huo una upepo na una mandhari, lakini ndio unaopigwa na jua la jioni. Kigoma iko karibu longitudo ya nyuzi 30 mashariki, wakati saa yetu ya taifa inafuata longitudo ya nyuzi 45, hivyo jua linafika juu kabisa yapata saa saba mchana, si saa sita. Saa kumi na moja jioni bado liko takriban nyuzi 30 juu ya upeo. Kwa pembe hiyo, paa la baraza la mita 2 linatia kivuli kiasi cha mita 1.15 tu kwenda chini kutoka ukingo wa paa; la mita 3 linafikisha mita 1.73. Ukingo ukiwa mita 3 kutoka sakafuni, jua kwenye ukuta linashuka kutoka kimo cha mita 1.85 hadi mita 1.27, yaani halimfikii tena usoni mtu aliyesimama mlangoni.

Hesabu hiyo haithibitishi kwamba msanifu aliifanya. Inaonyesha kwamba badiliko lilikuwa na faida ya kweli mahali hapo, na hivyo dhana yako ina uzito. Iandike D, kisha endelea kutafuta barua.

## Hatua ya 9: Nenda kwenye jengo na tepu

Omba ruhusa ya mwenye jengo kwanza. Stesheni, bandari na magereza si mahali pa kutoa tepu bila barua.

Pima chumba kimoja kwa ukamilifu: urefu, upana, na ulalo wa pembe kwa pembe ili ujue kama kimenyooka. Linganisha na kipimo kilichoandikwa kwenye mchoro, si ulichopima kwa rula juu ya nakala.

Kosa la kawaida kwenye michoro ya Waingereza ni kutumia rula ya 1:100 kwenye mchoro wa inchi moja kwa futi nane, ambao ni 1:96. Chumba cha futi 12 ni mita 3.66. Kwenye mchoro huo kina milimita 38.1, na rula ya 1:100 itakudanganya kuwa ni mita 3.81. Ni tofauti ya sentimita 15 kwa chumba kimoja. Kwa jengo zima utadhani fundi alipunja ukuta mzima.

Jengo likitofautiana na mchoro wa mwisho, umepata karatasi moja zaidi ya usanifu, iliyoandikwa na fundi. Mlango ulisogezwa kwa sababu mwamba ulikataa kuchimbika? Linta imebadilishwa? Angalia tofali na plasta zinapokutana: mshono wa wima ulionyooka pembeni ya ukuta mara nyingi unaonyesha tundu lililozibwa baadaye.

## Hatua ya 10: Andika daftari la maamuzi

Usianze na historia ya mji. Anza na uamuzi wa kwanza. Kila uamuzi upate aya yake fupi: kilichokuwepo, kilichobadilika, karatasi zinazoonyesha, sababu, na alama ya U au D. Bandika kipande cha tresing pembeni. Maamuzi matano yaliyoshikika yanatosha kwa jengo moja.

Kabla ya kuchapisha picha ya mchoro popote, omba kibali cha hifadhi, na angalia kama hakimiliki ya mchoraji bado ipo. Michoro ya majengo yanayotumika yenye mambo ya usalama usiirushe kwenye makundi ya WhatsApp.

Nakala za kazi yako ziwe tatu: moja kwa hifadhi iliyokupa michoro, moja kwa mwenye jengo, moja kwa maktaba ya mkoa au shule iliyo karibu. Ziandikie namba za majalada uliyotumia, herufi kwa herufi, ili fundi atakayeitwa kukarabati paa hilo asianze kutafuta upya.